Mtoto Hajatambaa, Kijana Hajatulia, Mzee Anasahau: Umri Unatuambia Nini Hasa?

Mzazi ana mtoto wa miezi 9. Kwenye kundi la simu ametumiwa jedwali: mwezi wa 6 akae, wa 8 atambae, wa 12 atembee. Wa kwake ameketi tu anavuta vidole vya miguu, hana habari na mtu. Usiku huo mzazi halali. Kwenye kundi hilohilo kuna ubishi mwingine, kwamba mtu wa miaka 19 hana haja ya kusikilizwa kwa kuwa "ubongo unakomaa ukifika miaka 25". Chini kidogo, mwanamume anaomba ushauri kuhusu mama yake wa miaka 70 anayerudia swali moja mara tano ndani ya saa moja. Jibu linaloungwa mkono na wengi ni hili: "Ndiyo uzee huo, mvumilieni."

Majibu yote matatu yameufanya umri kuwa sheria. Aliye nyuma ya tarehe ana kasoro, ambaye hajaifikia hana sauti, na aliyeipita kwisha habari yake. Elimu ya makuzi ya binadamu haisemi hivyo, ingawa msamiati wake ndio unaoazimwa kusema hivyo. Ili kuona fundo lilifungwa wapi, inabidi tuanze na maneno yenyewe.

Kukua si jambo moja

Katika mazungumzo ya kila siku neno "kukua" linabeba mizigo mingi. Mtoto amekua, yaani amerefuka. Amekua, yaani sasa ana akili. Amekua, yaani amebalehe. Wataalamu huitenganisha mizigo hiyo.

Ukuaji ni kuongezeka kwa kile unachoweza kukiweka kwenye mizani au kukipima kwa utepe. Mtoto mchanga kwa kawaida hufikisha uzito maradufu ya ule aliozaliwa nao karibu na mwezi wa 5, na mara tatu anapotimiza mwaka. Makuzi ni kubadilika kwa kile mtu anachoweza: kushika, kutamka, kusubiri zamu yake, kusoma sura ya mwenzake, kuishi na msiba. Ukuaji wa kimo hukoma balehe inapomalizika, pale sehemu laini za kwenye ncha za mifupa mirefu zinapogeuka kuwa mfupa mtupu. Makuzi hayana mahali pa kukoma. Lugha inatuponza kidogo hapa, maana neno "makuzi" tumelizoea kwa watoto, na ukisema "makuzi ya mtu wa miaka 60" wengi wataguna. Wagune tu. Mtu wa miaka 60 bado anabadilika, na mabadiliko yake yana utaratibu unaoweza kuelezwa.

Ndani ya makuzi kuna nyuzi mbili zilizosukwa pamoja. Upevukaji ni yale yanayojifungua yenyewe wakati wake ukifika. Meno ya utotoni hung'oka, sauti ya mvulana huvunjika, na hakuna aliyepewa somo la kubalehe. Kujifunza ni yale yanayotokana na uzoefu. Tazama mtoto anavyoanza kuzungumza. Karibu na mwezi wa 6 anabwabwaja "ba-ba-ba" kwa kuwa ulimi, koo na ubongo vimepevuka kiasi hicho. Lakini kama neno lake la kwanza, karibu na mwaka mmoja, litakuwa la Kiswahili au la Kijapani, hilo ni la kujifunza. Anapofika kwenye "baba enda", kati ya mwaka mmoja na nusu na miwili, nyuzi zile mbili zimeshasukana kiasi kwamba huwezi kuvuta mmoja bila mwingine.

Nyanja zenyewe pia ni kadhaa, na hazitembei bega kwa bega. Kuna mwili, kuna akili, kuna hisia na mahusiano. Msichana anaweza kuvunja ungo akiwa na miaka 11, mwili wake umeshapiga hatua, huku uwezo wake wa kupima madhara ya miaka mitano ijayo ukiwa bado mchanga. Ni kama nyumba yenye saa kadhaa za ukutani, kila moja inakwenda kwa kasi yake, na hakuna iliyoharibika.

Saa ya sheria nayo ni nyingine kabisa

Mkanganyiko mwingi kuhusu nani mtoto, nani kijana na nani mtu mzima hautokani na biolojia. Unatokana na makaratasi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, isipokuwa pale sheria ya nchi inapompa utu uzima mapema. Shirika la Afya Duniani linawaita wa miaka 10 hadi 19 vijana balehe. Umoja wa Mataifa, kwa ajili ya takwimu zake, huhesabu vijana kuwa wa miaka 15 hadi 24. Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006 unasogeza mpaka hadi miaka 35.

Basi mtu wa miaka 17 ni mtoto, ni kijana balehe na ni kijana, vyote kwa siku moja, kutegemea nani anashika kalamu. Wa miaka 34 ni kijana kwenye mkutano mmoja na si kijana kwenye mkutano wa chumba cha pili. Hakuna kilichobadilika mwilini mwake alipovuka korido. Mipaka hii imewekwa ili huduma zipangwe, kesi ziamuliwe na watu wahesabiwe, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Tatizo ni pale mtu anapoichukua na kudhani ndani ya kichwa cha binadamu kuna kengele inayolia usiku wa kuamkia siku ya kuzaliwa.

Kabla ya kuzaliwa, kwa ufupi

Safari yenyewe ina mpangilio. Wiki mbili za mwanzo baada ya mimba kutungwa, yai lililorutubishwa linagawanyika na kujishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba. Kuanzia wiki ya 3 hadi ya 8 linaitwa kiinitete, na hapo viungo vikuu vyote huanza kujengwa. Kuanzia wiki ya 9 ni kijusi, na kazi kubwa iliyobaki ni kukua na kukomaza kile kilichokwisha kuanzwa. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya wiki ya 4, mara nyingi kabla mama hajajua kwamba ni mjamzito. Ndiyo maana wanawake wanaotarajia kupata mimba hushauriwa kuanza vidonge vya asidi ya foliki mapema badala ya kusubiri kliniki ya kwanza.

Hapa kuna utata mdogo wa hesabu unaozua ugomvi usio na sababu. Mimba husemwa ni ya wiki 40, lakini hesabu hiyo huanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa kuwa ndiyo siku inayokumbukika. Mimba yenyewe hutungwa takriban wiki mbili baadaye. Kwa hiyo mtu anayeambiwa "una mimba ya wiki 6" ameibeba kwa takriban wiki 4. Kabla hujamtuhumu mtu, rudi kwenye kalenda.

Jedwali la mzazi

Turudi kwa yule mtoto anayevuta vidole. Mwelekeo wa makuzi ya mwili unajulikana vizuri: unatoka kichwani kushuka miguuni, na unatoka katikati ya mwili kwenda pembeni. Mtoto hudhibiti shingo kabla ya kiuno, na kiuno kabla ya magoti. Hutupa mkono mzima kabla ya kuokota punje kwa ncha za vidole viwili. Hata umbo lake linasimulia hadithi hiyo, maana kichwa cha mtoto anayezaliwa ni karibu robo ya urefu wake wote, ilhali cha mtu mzima ni karibu sehemu moja ya nane.

Mpangilio ni thabiti, lakini tarehe hazina uthabiti huo. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya kufuatilia watoto wenye afya njema kutoka Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani, kuona ni lini wanapiga hatua sita za mwili. Kukaa bila kushikiliwa kulitokea kati ya miezi 3.8 na 9.2. Kutambaa kwa mikono na magoti, kati ya miezi 5.2 na 13.5. Kutembea peke yake, kati ya miezi 8.2 na 17.6. Soma tena takwimu ya mwisho. Mtoto mmoja anatembea kabla ya mwezi wa 9 na mwingine anakaribia mwaka mmoja na nusu, na wote wawili ni wazima.

Kuhusu kutambaa kuna zaidi. Takriban asilimia 4.3 ya watoto wale hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Walijikokota kwa makalio, au walisimama na kuondoka zao. Kutambaa ni njia mojawapo ya kufika, na wapo wasioipitia.

Jedwali la kwenye simu halikudanganya moja kwa moja. Lilichukua wastani likauita tarehe ya mwisho. Wastani ni namba ambayo karibu nusu ya watu wako upande huu na nusu upande ule, kwa hiyo kuwa "nyuma ya wastani" ni hali ya takriban nusu ya watoto wote duniani. Kinachofaa kuangaliwa ni dirisha, yaani mwanzo na mwisho wa muda wa kawaida. Mtoto akifika miezi 18 hatembei, hapo apelekwe akaangaliwe. Akiwa na miezi 9 hajatambaa, mzazi alale.

Je, mlango hufungwa?

"Samaki mkunje angali mbichi." Methali hii imepata nguvu mpya tangu watu waanze kusikia habari za ubongo wa mtoto. Ni kweli ubongo hukua kwa kasi ya ajabu mwanzoni: unapozaliwa una takriban robo ya uzito wa ule wa mtu mzima, na kufikia miaka 5 au 6 umeshafika karibu asilimia 90. Kutoka hapo watu huruka hadi hitimisho kwamba baada ya miaka mitatu, au mitano, samaki amekauka.

Hapa lazima kutenganisha mambo mawili. Kuna vipindi ambavyo kweli mlango hukaribia kufungwa. Mtoto aliyezaliwa na mtoto wa jicho (jina la ugonjwa, si mzaha) asipofanyiwa upasuaji mapema, anaweza asione vizuri maisha yake yote hata jicho lenyewe likisafishwa baadaye. Sababu ni kwamba sehemu ya ubongo inayoshughulikia kuona ilihitaji mwanga katika miezi ile, na haikuupata. David Hubel na Torsten Wiesel walionyesha kwa kutumia paka wachanga jinsi jambo hili linavyotokea, na walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Lakini mambo mengi ya binadamu hayako hivyo. Yana kipindi ambacho ni rahisi zaidi, halafu ugumu unaongezeka polepole. Lugha ya pili ukijifunza utotoni unapata na lafudhi. Ukijifunza ukubwani unapata lugha, lafudhi inakusaliti. Mjini Bucharest, Romania, tangu mwaka 2000 watafiti walifuatilia watoto waliokulia katika vituo vya yatima vyenye uangalizi hafifu. Baadhi walihamishiwa kwa familia za kuwalea, na walionufaika zaidi kiakili walikuwa hasa waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili. Hilo linaonyesha mapema ni bora. Halionyeshi kwamba wa miaka minne hakupata kitu. Mimi nadhani hofu ya "umechelewa" imewadhuru wazazi kuliko ilivyowasaidia, maana anayeamini mlango umefungwa haendi tena kubisha.

Kuna hofu nyingine, ile ya kumdekeza mtoto mchanga kwa kumbeba kila anapolia. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyeanza kuwatazama mama na watoto wao majumbani nchini Uganda miaka ya 1950, kisha akaendelea na kazi hiyo Marekani, aliona kinyume chake. Watoto walioitikiwa haraka katika miezi ya mwanzo walielekea kupunguza kulia walipokaribia mwaka. Mtoto wa miezi mitatu hana ujanja wa kukutawala. Anauliza swali moja tu: nikiita, kuna mtu?

Damu au malezi

Kiswahili kina methali mbili zinazogombana mchana kweupe. Moja yasema mtoto wa nyoka ni nyoka. Nyingine yasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wataalamu nao wamegombana hivyohivyo kwa zaidi ya karne, na sehemu kubwa ya ugomvi ilitokana na swali lililoulizwa vibaya. Kuuliza kama mtu ametengenezwa na damu au na malezi ni kama kuuliza eneo la shamba limetokana na urefu au na upana.

Chukua ugonjwa wa kurithi uitwao fenilketonuria. Mtoto aliyerithi kasoro hiyo kutoka kwa baba na mama hawezi kuchakata kiini kimoja cha protini, na kikirundikana kinaharibu ubongo wake. Ni damu tupu. Lakini akigunduliwa siku za mwanzo na kupewa chakula maalumu chenye kiasi kidogo cha kiini hicho, anaweza kukua na akili zake timamu. Jeni ni zilezile, hatima nyingine.

Au chukua kimo, ambacho sote tunajua kinarithiwa. Uchambuzi mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba wanawake wa Korea Kusini waliozaliwa mwaka 1996 walikuwa warefu kuliko waliozaliwa mwaka 1896 kwa takriban sentimita 20. Miaka 100 haitoshi kubadilisha jeni za taifa zima. Kilichobadilika ni lishe, maradhi ya utotoni na hali ya maisha. Ndani ya kizazi kimoja, wazazi warefu bado walizaa watoto warefu kuliko wenzao, huku kizazi chote kikipanda. Methali zote mbili zilikuwa sahihi, ila kila moja ilikuwa inajibu swali lake.

Hatua za kina Piaget

Jina linalotajwa mno katika somo hili ni la Jean Piaget, Mswisi aliyeishi kati ya 1896 na 1980. Jaribio lake mashuhuri unaweza kulifanya jikoni. Weka maji sawasawa kwenye glasi mbili zinazofanana, mtoto wa miaka minne akubali kwamba yako sawa. Kisha, mbele ya macho yake, mimina moja kwenye glasi nyembamba na ndefu. Muulize ipi ina maji mengi. Ataonyesha ile ndefu, tena kwa kujiamini kabisa. Rudia naye akiwa na miaka saba au minane, atakushangaa kwa kuuliza swali la kijinga.

Piaget alihitimisha kwamba mtoto hana akili ndogo ya mtu mzima. Ana akili ya aina nyingine, inayopita hatua nne: kuujua ulimwengu kwa kugusa na kusogea hadi karibu miaka 2, kutumia alama na maneno huku akitawaliwa na kinachoonekana, hadi miaka 7, kufikiri kwa mantiki juu ya vitu halisi, hadi 11, kisha kufikiri juu ya yasiyoshikika. Waliomfuata wamezilainisha kingo hizo. Ukibadilisha namna ya kuuliza, watoto wadogo huonyesha kujua zaidi ya alivyodhani, na watu wazima wengi hawatumii hatua ya nne kila siku, hasa kwenye mabishano ya kundi la simu. Lev Vygotsky, Mrusi aliyezaliwa mwaka uleule wa 1896, aliongeza jambo ambalo kila mwalimu mzuri analijua: usipime tu anachoweza mtoto peke yake, pima pia anachoweza akishikwa mkono kidogo. Eneo lililo kati ya hayo mawili ndipo kujifunza kunapofanyika.

Erik Erikson naye, mwaka 1950, alieleza hatua nane zinazokwenda hadi uzeeni, kila moja ikiwa na mvutano wake, kuanzia mtoto anayejifunza kuamini hadi mzee anayeyatazama maisha yake akijiuliza kama yalikuwa na maana. Ni ramani nzuri ya kuzungumzia maisha. Kuichukua kama ratiba ya basi ndilo kosa.

Ile namba 25

Balehe kwa wasichana kwa kawaida huanza kati ya miaka 8 na 13, kwa wavulana kati ya 9 na 14. Mwaka 1904 Mmarekani G. Stanley Hall alikiita kipindi hiki cha dhoruba, na sifa hiyo haijawahi kufutika, ingawa vijana wengi hukipita bila kuvunja kitu chochote cha maana.

Madai ya miaka 25 yana asili ya kweli. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, picha za ubongo zimeonyesha kwamba sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayohusika na kupanga na kujizuia, huchelewa kukomaa kuliko nyingine. Lakini tafiti nyingi za mwanzo zilipima watu hadi miaka ya mwanzo ya 20 tu. Mchoro ulifika mwisho mstari ukiwa bado unatembea. Karatasi iliisha kabla ya ubongo. Tafiti za baadaye zimekuta kwamba baadhi ya nyuzi zinazounganisha sehemu za ubongo huendelea kuimarika hadi miaka ya 30 na hata zaidi. Namba 25 haimo ndani ya fuvu.

Lililo muhimu zaidi halisambazwi kwenye makundi. Katika hali ya utulivu, kwa muda wa kutosha na bila wenzake kumtazama, kijana wa miaka 16 hupima hoja karibu sawa na mtu mzima. Anapoachwa nyuma ni kwenye joto: ameghadhibika, yuko na wenzake, kuna kitu cha kufurahisha mbele yake. Hapo mfumo wa ubongo unaotamani zawadi umeshawaka, ilhali breki bado zinaundwa. Kwa hiyo mtu wa miaka 19 anayetoa hoja yake kwa utulivu asikilizwe na ajibiwe kwa hoja. Huyohuyo akiwa usukani usiku na marafiki wanne wanaoshangilia, hapo kuna sababu ya wasiwasi.

Utu uzima, eneo lililosahauliwa

Vitabu vingi hukimbia sehemu hii, kana kwamba kati ya miaka 20 na 60 mtu anasubiri tu. Mwaka 2000 Jeffrey Arnett alipendekeza kwamba kuanzia 18 hadi 25 au zaidi kuna kipindi chake chenyewe, ambacho mtu si kijana balehe tena wala hajatulia katika kazi na familia. Mifupa hufikia uimara wake wa juu mwishoni mwa miaka ya 20. Kuanzia miaka ya 40 lenzi ya jicho hukakamaa, na mtu anaanza kuisogeza simu mbali ili asome. Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, na huhesabiwa wamekoma baada ya miezi 12 mfululizo bila hedhi.

Ule "wazimu wa umri wa kati" umesifika kuliko unavyostahili. Elliott Jaques ndiye aliyelipa jambo hilo jina mwaka 1965, akiangalia zaidi maisha ya wasanii. Watu wa kawaida walipoulizwa, wachache tu walisema wamelipitia, na wengi wa hao walitaja talaka, kazi au msiba, mambo yanayoweza kumtikisa mtu wa umri wowote.

Mama anayerudia swali

Kuhusu uzee kuna mkanganyiko wa hesabu unaostahili kuondolewa kwanza. Tunaambiwa kwamba zamani watu waliishi miaka 30, kwa hiyo wazee hawakuwepo. Chukua watu wawili: mmoja amekufa siku ya kuzaliwa, mwingine akiwa na miaka 60. Wastani wao ni miaka 30, na hakuna hata mmoja aliyekufa na miaka 30. Vifo vya watoto ndivyo vilivyovuta wastani chini. Wazee walikuwepo siku zote, ila walikuwa wachache.

Akili ya mzee haishuki kwa pamoja kama ngazi. Raymond Cattell alitofautisha akili ya wepesi, inayotatua jambo jipya papo hapo, na akili ya akiba, iliyokusanywa kwa miaka. Utafiti wa mwaka 2015 uliohusisha makumi ya maelfu ya watu ulikuta kasi ya kuchakata taarifa ikifika kileleni karibu na miaka 18 au 19, na wingi wa msamiati ukifika kileleni katika miaka ya 60. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na sasa kuna mchoro wa kuthibitisha.

Paul Baltes, Mjerumani aliyeshikilia kwamba kila umri una kupata na kupoteza kwake, alipenda kutoa mfano wa mpiga piano Arthur Rubinstein, aliyeulizwa uzeeni anawezaje bado kupiga vizuri. Alikuwa anapiga vipande vichache zaidi, anavifanyia mazoezi mengi zaidi, na kabla ya sehemu ya kasi alipunguza mwendo kidogo ili kasi itakayofuata ionekane kubwa. Huo nao ni ustadi mpya, na alijifunza akiwa mzee.

Sasa yule mama. Kuchelewa kukumbuka jina la jirani, halafu likaja jioni wakati unaosha vyombo, ni la kawaida. Kurudia swali lilelile kila baada ya dakika chache bila kukumbuka kwamba limeshajibiwa si uzee. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, yaani dimensia, si sehemu ya kawaida ya kuzeeka, ingawa umri huongeza hatari, na zaidi ya watu milioni 55 duniani wanaishi nao. Tena wakati mwingine si dimensia. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi ipasavyo, sonona, au dawa zinazogongana vinaweza kuleta sura hiyohiyo, na vyote vina tiba. Akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, huenda ni maambukizi au upungufu wa maji mwilini, na hilo ni la kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Daktari atakayewapokea atauliza umri, ndiyo, lakini swali litakalomsaidia zaidi ni jingine, na anaweza kuliuliza hata kwa mzazi wa yule wa miezi 9: alikuwa anaweza nini mwezi uliopita ambacho leo hawezi? Mtoto aliyekuwa na maneno kumi akabaki na mawili ana haki ya kuonwa haraka kuliko yule ambaye bado hajasema la kwanza. Mama aliyekuwa anahesabu chenji bila kukosea na sasa inamshinda anahitaji kupimwa, awe na miaka 70 au 50.